Daftari la Alizeti

Simu iliita saa mbili kasoro usiku, shemeji yangu akiwa anachambua mchicha. Haikuwa simu yake. Ilikuwa ile ndogo ya mumewe, ya tochi, ambayo siku zote ilikaa kwenye mfuko wa koti la safari, na siku hiyo ilikuwa imesahaulika kwenye chaji juu ya kabati la vyombo. Mwenyewe alikuwa ameshatoka kwenda kuswali Isha. Ikaita, ikakatika, ikaita tena. Shemeji akajifuta mikono kwenye khanga, akapokea.

Alikuwa mwanamke, sauti ya kijana, ya adabu. "Wifi, habari za jioni? Samahani kwa usumbufu. Naomba umwambie baba mtoto huyu anachemka tangu mchana, nami hapa sina hata nauli ya bajaji."

Wifi. Kumbe huko Manyoni, simu ilikotoka, mume alikuwa ameeleza kwamba Singida anaishi na dada yake aliyeachika, pamoja na watoto wawili wa dada huyo. Kwa maelezo hayo mafupi mke alikuwa amegeuzwa dada, na watoto wa kuwazaa mwenyewe wakageuzwa wapwa.

Shemeji hakupiga kelele. Aliniambia baadaye sana kwamba kilichomjia kwanza ni ile homa. Akauliza mtoto ana umri gani, akajibiwa mwaka mmoja na miezi minne. Akamwelekeza yule mwenzake amvue nguo nzito, amkande kwa maji ya uvuguvugu, amnyonyeshe kila mara, na asingoje kuche, ampeleke hospitali usiku huohuo, bajaji atailipa huyo baba. Kisha akasema, "Nitamwambia, wifi." Akairudisha simu kwenye chaji, akaketi, akamaliza mchicha wake.

Mumewe aliporudi alikuta chakula kimeshapakuliwa. Aliambiwa maneno machache tu: "Wifi yangu wa Manyoni anasema mtoto wenu anaumwa."

Mume huyo ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Na mimi ndiye niliyemposea.

Mwaka 2015 nilikwenda Ilongero mara tatu pamoja na mzee mmoja wa ukoo. Tukakalishwa kwenye vigoda, tukazungushwa kama inavyopasa mposaji kuzungushwa, na mwishowe tukakubaliana ng'ombe wanne, mbuzi watano na kondoo mmoja. Ng'ombe wawili walikwenda kwa miguu yao. Wawili walikwenda wakiwa noti ndani ya bahasha ya kaki. Baba mkwe, mzee mkimya mwenye kikohozi, aliipokea ile bahasha na hakuihesabu. Alinitazama akasema, "Ng'ombe nitawajua kwa mlio. Hizi noti siku zikilia, nitakusikia wewe." Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nilidhani ni utani wa mahari.

Maharusi wakapanga vyumba viwili Misuna, karibu na soko la vitunguu. Biashara yao ilikuwa ya alizeti, kama ya nusu ya watu wa huku. Kuanzia Mei, mavuno yakianza kushuka, mdogo wangu alizunguka vijijini akinunua gunia kwa gunia, analeta mjini, anakamulisha mashineni, kisha anateremsha mafuta na mashudu kwa njia ya Ikungi na Issuna hadi Manyoni, wakati mwingine mpaka Dodoma. Shemeji alibaki na meza. Wapitao barabara za Singida wanazijua meza hizo: chupa zilizokuwa za maji, sasa zimejaa mafuta ya rangi ya dhahabu, zimepangwa juani ili zing'ae, na nyuma yake mwanamke aliyejitanda khanga kwa sababu ya upepo. Upepo wa Singida haupumziki. Ukiacha meza tupu robo saa, unaikuta imevikwa vumbi.

Na alikuwa na daftari. Daftari kubwa la kaunta, jalada jeusi, kona zake nyekundu. Yeye alifika kidato cha nne, mwandiko wake wa duara, wa kusomeka. Kila safari ya mumewe ilikuwa na mstari wake: tarehe, kijiji, gunia ngapi, nauli, ushuru, madumu mangapi yalitoka, mashudu kilo ngapi, na mwisho wa mstari, kwa herufi ndogo, alikolala. "Amelala Issuna, pancha." "Amelala Manyoni, mvua." "Amelala Manyoni, mteja hajalipa." Mimi kama mwalimu nililisifia lile daftari mara nyingi. Nilimwambia wangepata mkopo benki kwa daftari lile peke yake.

Usiku ule, mdogo wangu alipomaliza kukiri (alikiri haraka, nasikia, kama mtu anayetapika), mkewe alilitoa daftari kabatini, akachukua kalamu ya risasi ya binti yao, akafungua ukurasa wa kwanza. Hakuuliza lini wala wapi. Alisoma. Kila palipoandikwa Manyoni akaweka kitone pembeni. Mdogo wangu anasema kitu ambacho hawezi kukisahau ni ule mlio mdogo wa risasi juu ya karatasi, na kimya, na mlio tena, mpaka adhana ya alfajiri. Kwenye ukurasa mmoja mkewe alikaa muda mrefu. Palikuwa na tarehe aliyozaliwa mtoto wao wa pili, wa kiume. Mbele yake ameandika mwenyewe, siku mbili baada ya kujifungua: "Amelala Manyoni, gari bovu." Aliandika hivyo kwa huruma. Alikuwa amemwonea huruma mumewe kwamba hakuwahi kufika.

Nimelifikiria daftari lile kuliko nilivyofikiria machozi ya mtu yeyote.

Shangazi yangu alifiwa na mume wake mwaka 2009. Alilia, akakaa eda miezi minne na siku kumi, akatoka, maisha yakaendelea kwa kuchechemea. Mpaka leo ukimkuta jioni atakusimulia walivyopanda treni Manyoni kwenda Tabora kumwona ndugu, na mzee alivyonyoosha mkono dirishani pale Itigi akanunua chupa ya asali, akaisifia njia nzima, kumbe ni sukari guru iliyoyeyushwa. Shangazi hucheka mpaka anashika ubavu. Kifo kilimchukua mzee, lakini chupa ya Itigi kiliiacha. Siku zote walizoishi pamoja bado ni zake, anazifungua anapotaka.

Shemeji yangu hana chupa ya Itigi. Anazo siku ambazo hajui zilikuwa siku gani. Alikuwa na miaka saba ya ndoa, na hesabu zake zilikuwa sawa mpaka saa mbili kasoro ya usiku ule. Wazee waliokuja kumpoza walizungumza habari ya kesho: watoto watakula nini, nyumba itaisha vipi, atarudiana au hatarudiana. Yeye alikuwa bado anashughulika na jana. Picha ya harusi ameiweka chini ya godoro, hajaichana, kwa sababu, anavyosema, hajui amchane nani.

Sasa nifike pale ninapokwepa kufika. Mimi nilijua.

Miezi minane kabla ya simu ile, utingo mmoja wa lori alinikuta stendi akanichekea: "Mwalimu, mdogo wako amehamia Manyoni siku hizi, au?" Kicheko chake kilitosha. Nikamwita mdogo wangu. Tukaenda kukaa kwenye mawe kando ya Ziwa Singidani, yale mawe makubwa yaliyobebana ambapo watu wa mjini huenda kupunga hewa na, msimu wakiwapo, kuwatazama heroe. Hakukana. Alisema, "Kaka, nitaliweka sawa. Nipe msimu mmoja." Nikampa. Nilimpa msimu kama mtu anayekopesha kitu kisicho chake. Nilijiambia ninaisitiri nyumba. Kwetu mtu anayenyamaza anaitwa mwenye hekima mpaka siku mambo yanapobumburuka, na hapo tena hakuna anayekumbuka nani alikuwa mwenye hekima.

Kisha ikaja Idi. Nilialikwa kwao, kama kila mwaka. Shemeji alikuwa na kuku wake wa kienyeji, anawafuga nyuma ya nyumba, kuku ambao wachuuzi huwajaza kwenye matenga kuwapeleka Dar es Salaam. Akamtoa jogoo mwekundu aliyekuwa akimtunza kwa ajili ya siku hiyo, mumewe akachinja, tukakaa mkekani. Na firigisi nikawekewa mimi. Hakuna haja ya kueleza maana ya kuwekewa firigisi. Nikaila. Ilikuwa imekaangwa kwa mafuta yao wenyewe, imekolea ndimu. Mdogo wangu alikuwa akitazama sahani yake.

Wiki chache baada ya usiku wa simu, shemeji aliniuliza, bila kupandisha sauti: "Shemeji, siku ile ya Idi, ile firigisi, ulikuwa unajua?"

Nikasema, "Nilikuwa najua."

Daftari halikuwepo pale, lakini nilisikia risasi juu ya karatasi.

Kikao cha ukoo kilikaa nyumbani kwa mama, chini ya mti, wanaume kwenye viti na wanawake kwenye mikeka. Mzee wetu mmoja, ambaye kwa mengine ninamheshimu, alimgeukia mdogo wangu akamwambia: "Kosa lako wewe ni kutooa. Ungeoa, leo tusingekuwa hapa." Vichwa kadhaa vikaitika. Mama yetu akasema naye anaona hivyo, dini inaruhusu, na Manyoni si mbali.

Wazo hili halifai kupuuzwa, maana wengi wanalo na lina mantiki yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya mke zaidi ya mmoja. Lakini sheria hiyohiyo inataka nia ya kuoa itangazwe, na inampa mke aliyepo haki ya kuweka pingamizi: kwamba kwa kipato cha mume, mke wa pili atamletea yeye na watoto wake dhiki, au kwamba huyo anayekuja ataleta mfarakano mkubwa nyumbani. Kwa maneno mengine, mke anatakiwa ajue. Anapewa nafasi ya kusimama aseme gunia ni ngapi na midomo ni mingapi. Mdogo wangu hakukwepa gharama ya mke wa pili, maana aliilipa, tena kwa siri, ambayo ni ghali zaidi. Alichokwepa ni ile dakika ya kumwambia.

Shemeji alikuwa mkekani na mtoto mgongoni. Akaomba ruhusa ya kusema, akapewa. "Wazee, angeniambia, ningekataa au ningekubali, lakini ningejua ninahesabu nini."

Mzee hakuwa na jibu. Alikohoa, akaomba maji.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Unyaturu hulisema kwa sauti ya chini, nami nalisema kwa sababu limo vitabuni. Mwanaanthropolojia Mmarekani, Harold Schneider, aliishi huku mwaka 1959 na 1960, akaandika kitabu juu ya uchumi wetu wa ng'ombe na mtama, na baadaye insha juu ya mapenzi. Ndani yake alieleza habari ya mbuya, yaani mpenzi wa nje ya ndoa. Alivyoona yeye, ndoa ya zamani ilikuwa mkataba wa ng'ombe, mashamba na kazi, na mahaba yakawa na njia yake ya pembeni, yenye adabu zake na usiri wake. Mzungu huyo aliona alichoona. Wazee wengine ukiwauliza hucheka, wengine hukasirika. Insha ile ilitoka mwaka 1971, mwaka uleule ambao Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa. Sidhani wabunge wa Dar es Salaam walikuwa na habari nayo.

Vijana wetu wengine wanaojua habari ya mbuya huitumia kama kinga: mila. Ninachowauliza ni swali moja la hesabu. Katika mila, fidia ya ugoni alilipwa nani? Mume. Mgoni akikamatwa na mke wa mtu, mifugo ilitoka zizi la mwanamume mmoja ikaingia zizi la mwanamume mwingine. Mke ambaye mume wake ndiye aliyetoka nje, hata kifaranga hakikuletwa mlangoni kwake. Hayo ndiyo mambo ambayo sheria ya 1971 iliyageuza, walau kwenye karatasi: kifungu cha 72 kinamruhusu mume au mke kumdai fidia mtu aliyefanya ugoni na mwenzi wake. Ila kifungu hicho hakimgusi asiyejua, wala asiyekuwa na njia ya kujua, kwamba mwenzake ana ndoa.

Karani mmoja alimwonyesha shemeji mlango huo wa fidia. Alikataa kabla hajamaliza kuelezwa. "Yule aliniita wifi," alisema. "Nimdai nini?" Naye huko Manyoni, nasikia, ana daftari lake la kichwani la kusahihisha: siku alizoambiwa dada anaumwa, siku alizoambiwa wapwa hawana ada.

Tuna maneno mepesi siku hizi. Katikati ya miaka ya 2010 redio zilijaa kampeni ya kuwaambia watu kwamba mchepuko si dili, wabaki njia kuu, na neno likashika kama moto wa nyasi. Mchepuko! Barabara hii ya Manyoni ilipokuwa inajengwa kwa lami tulikula vumbi la njia za mchepuko miaka mingi, tunaujua ulivyo: unashuka, unayumba, unapanda, unaikuta barabara palepale ilipokuwa, inakungoja. Waliolichagua neno hilo walikuwa na nia njema. Lakini shemeji yangu ukimwambia mumewe alichepuka anakutazama kama umemwambia nyumba yake imepata mkwaruzo. Mahakamani bado wanatumia ugoni. Neno baya, zito, lina harufu ya zizi, na mimi ninaona lina heshima zaidi kwa aliyeumizwa.

Nilipeleka habari Ilongero mwenyewe. Mshenga hatumi mtu. Mzee wa kikohozi alikuwa amekaa palepale nilipomkuta mwaka 2015, amedhoofu zaidi. Nilianza maneno marefu niliyoyapanga njiani, akanyanyua kiganja. "Noti zimelia," akasema. "Nimekusikia." Akaniacha nikae kwenye kigoda mpaka jua likaanza kuinama, na hakuniuliza kitu kingine. Ningependa angenitukana.

Mambo ya karatasi yalikwenda kwa mwendo wake. Kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, maana sheria haikuruhusu kufika mahakamani kabla ya kusikilizwa na wasuluhishi. Wakasikilizwa mara mbili, likatoa cheti kwamba imeshindikana. Kisha talaka, kisha Mahakama ya Mwanzo, amri ya matunzo ya watoto, na suala la mali. Mali yenyewe ilikuwa boma. Walikuwa wamejenga mpaka kwenye linta, kwa tofali za kuchoma, vyumba vitatu na sebule, dirisha la jikoni likitazama upande wa ziwa. Ndugu zetu walianza kusema tofali zilinunuliwa na mume. Bahati njema swali hilo lilishajibiwa zamani: mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za mke za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa kwa sababu nyingine za shauri lile Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao. Tena huyu wa kwetu alikuwa na zaidi ya kazi za nyumbani. Alikuwa na daftari. Kila mfuko wa saruji ulikuwa na mstari wake humo, na hakimu akalipekua ukurasa baada ya ukurasa. Sijui kama aliuliza vile vitone vya risasi ni vya nini.

Boma bado lipo. Halijauzwa kwa sababu wanunuzi hukuta maneno yake kabla ya kukuta bei, na mdogo wangu hana pesa ya kumlipa mwenzake sehemu yake. Anaishi chumba kimoja. Manyoni hakuhamia, yule mama alimfungia mlango siku alipojua. Msimu wa mvua uliopita mchicha pori uliota sebuleni ukafika kifuani. Nilipita jioni moja nikasimama ndani. Upepo unaingia dirisha la jikoni unatokea mlango wa mbele, na unapopita unapiga mluzi kama mtu anayepika huku akiwaza jambo jingine.

Mtoto mdogo hana alichokumbuka. Anamwita baba kila mwanamume mwenye koti. Anayekumbuka ni huyu binti.

Alikuwa na miaka sita na miezi kumi wakati kikao kilipokaa, na watu wazima, kama kawaida yetu, tulidhani aliyekuwa akichezea vifuniko vya soda pembeni hasikii. Siku mbili baadaye nilikuwa nikimpeleka shule, nimemshika mkono, akaniuliza: "Baba mkubwa, mama ni dada yake baba?"

Nikamwambia hapana, mama ni mke wa baba.

"Lakini baba alisema ni dada yake." Akatembea hatua kadhaa akiruka mashimo ya maji. Mwaka ule walikuwa wamefundishwa majina ya ukoo darasani, yuko makini na mambo kama hayo. "Kama mama ni dada yake, basi baba ni mjomba wangu."

Nimefundisha miaka 19. Nimeulizwa maswali mengi na watoto, nimeyajibu na mengine nimeyakwepa kwa ustadi. Hilo nililinyamazia mpaka getini.

Halafu ikaja ile habari ya miaka saba. Kuna imani imeenea huku kwamba mtoto akifikisha miaka saba ni wa baba, anachukuliwa kama ndama aliyeachishwa kunyonya. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 125 kinachosema ni kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama yake, isipokuwa ionekane vinginevyo. Akivuka umri huo kinachotazamwa bado ni ustawi wake, na mtoto mwenyewe anayeweza kusema anasikilizwa. Nilimweleza shemeji hivyo, nikamsomea, nikamwandikia. Haikusaidia sana. Jirani alishamwambia. Siku ya kuzaliwa ya binti, ambayo kila mwaka ilipikiwa maandazi ya iliki, mwaka ule ilipita kimya, na mtoto alipouliza akaambiwa kalenda imeharibika.

Sasa kila mwisho wa mwezi mimi ndiye ninayepeleka matunzo. Mdogo wangu angeweza kutuma kwa simu, na miezi miwili alijaribu, lakini shemeji alisema hataki kuona jina lile likiingia kwenye simu yake. Kwa hiyo ananipa mimi, nami napanda gari la Ilongero, na noti zimo ndani ya bahasha ya kaki. Nilipogundua kwamba nimechagua bahasha ya rangi ileile nilitaka kuibadilisha dukani, nikaona ni upuuzi, nikaenda nayo.

Anakaa nyumba ndogo ya uani kwa baba yake. Meza ya mafuta ameisogeza barabarani, chupa zinang'aa juani kama zamani. Ananiita shemeji bado. Nimewahi kumwambia, kwa aibu, kwamba kisheria jina hilo limekwisha, akanijibu kwamba la kuniita badala yake hajaliona.

Mwezi uliopita nilimkuta amekaa kwenye kigoda, binti akifanya hesabu za nyumbani karibu naye. Niliweka bahasha mezani. Akaifungua, na yeye tofauti na baba yake akahesabu, noti moja moja, akilowesha kidole. Kisha akalitoa daftari. Ni lilelile, kona nyekundu zimechakaa. Kurasa za nyuma amempa binti achore. Nikaona twiga, nikaona basi lenye madirisha mengi, kila dirisha lina kichwa. Akatafuta mstari uliofuata, akaandika tarehe, akaandika kiasi, na mahali palipokuwa pa alikolala akaandika: "Kwa mkono wa shemeji." Alitumia kalamu ya wino.

Akaligeuza nitie sahihi. Nikatia.

Kuku wake walikuwa wakichakura chini ya meza, mitetea mitatu na jogoo mmoja mchanga, mwekundu, anayeanza kujifunza kuwika. Alipita karibu na mguu wangu, akasimama, akanitazama kwa jicho moja. Shemeji alifunga daftari, akamsukuma jogoo taratibu kwa ncha ya kandambili, akaniuliza kama ninataka maji ya kunywa.